Udongo wa Dodoma Vilindini

Mvua za Desemba zikianza Dodoma, maji hushika njia tatu. Yale ya Kondoa na Chemba hufuata Mto Bubu hadi Bahi, kwenye mbuga isiyo na mlango wa kutokea. Huko hutanda, hupandwa mpunga, hukaushwa na jua, yakaacha udongo na chumvi. Yale ya kusini huteremkia Kizigo na Ruaha Mkuu na kukutana Mtera. Yale ya mashariki huingia Kinyasungwe, mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, watu wakichimba visima katikati yake na malori yakichota mchanga wa kujengea mji. Ikinyesha mvua moja kubwa, mchanga huo huo huamka. Mto hujaa maji mekundu, hupita Gulwe na Godegode, karibu na Kilosa huitwa Mkondoa, kisha huingia Wami na kumwaga mzigo wake katika Bahari ya Hindi, kaskazini ya Bagamoyo.

Udongo ulioingia Bahi umeshafika. Ule wa njia mbili nyingine bado una safari. Masomo yetu ya jiografia humwacha mwanafunzi kwenye delta, kana kwamba udongo ukishagusa maji ya chumvi umetoweka. Haukutoweka. Unaendelea kushuka, mita mia, mita elfu, mita elfu tatu, mpaka kwenye giza ambamo hakuna mwani unaoota. Huko unakutana na vumbi la nchi nyingine, majivu ya volkano, magamba ya viumbe wasioonekana kwa macho, hata chembe zilizoanguka kutoka angani. Mchanganyiko huo ndio mashapo ya vilindini, nayo yametandikwa juu ya zaidi ya nusu ya uso wa dunia. Mkazi wa uwanda wa kati ana fungu lake ndani yake, na ni haki yake kulijua.

Fungu hilo linaanzia kwenye jiwe. Granaiti iliyouzunguka mji wa Dodoma ni sehemu ya kiini cha kale cha Afrika Mashariki, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ndani yake mna madini matatu makuu: kwazi, feldspa na mika. Joto la mchana na ubaridi wa usiku hulipasua jiwe, na maji ya mvua, yenye asidi kidogo, humaliza kazi. Feldspa huoza ikawa udongo wa mfinyanzi. Chuma kilichomo hushika kutu, na ndiyo asili ya wekundu wa barabara zetu. Kwazi haiozi, hivyo hubaki mchanga. Humo humo hujificha punje ndogo mno za zirikoni, madini magumu yanayobeba umri wake ndani yake, kwa sababu urani iliyomo hugeuka risasi kwa mwendo unaojulikana. Tutairudia zirikoni, maana ndiyo shahidi wa kesi yote hii.

Kuanzia hapo ukubwa wa punje ndio unaoamua itafika wapi. Anayechota maji ya masika mtoni na kuyaacha mtungini anaijua kanuni yenyewe: mchanga hutua papo hapo, tope hutua usiku kucha, na ule ungaunga mwembamba hubaki ukielea mpaka kesho yake. Bahari ina kanuni hiyo hiyo, ila mtungi wake una kina cha kilomita nne. Mchanga wa Kinyasungwe mara nyingi haufiki hata pwani kwa msimu mmoja. Hulala njiani, ukainua kitanda cha mto, na msimu ufuatao mto ukakosa pa kupita. Wasafiri wa Reli ya Kati wanaijua hasara hiyo. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, wala haikuwa mara ya kwanza. Ungaunga ndio unaosafiri moja kwa moja hadi baharini.

Kusini, mzigo ni mkubwa zaidi. Mwaka 1972 watafiti Temple na Sundborg walikadiria kwamba Rufiji hupeleka karibu tani milioni 17 za mashapo kila mwaka, udongo wa Iringa, Mbeya, Morogoro, Singida na Dodoma ukiwa umechanganyika. Sehemu ya mzigo huo hujenga delta na kushikwa na mizizi ya mikoko. Sehemu hukokotwa kaskazini na mkondo wa bahari unaofuata pwani yetu mwaka mzima. Na sehemu huvuka ukingo, pale ambapo bara lenyewe linakatika na sakafu ya bahari inaanza kuinama kuelekea vilindini.

Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba kuvuka huko ni kwa taratibu tu, chembe baada ya chembe. Lililowafumbua macho lilitokea mbali na kwetu. Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko lilitikisa sakafu ya bahari kusini mwa Newfoundland, Canada, na nyaya za simu za maandishi zilizolazwa chini zikakatika moja baada ya nyingine, za karibu kwanza, za mbali saa nyingi baadaye. Mwaka 1952 Bruce Heezen na Maurice Ewing walichukua saa za kukatika kwa kila waya, wakapiga hesabu, wakaonyesha kwamba kilichozikata ni mporomoko wa maji yaliyosheheni tope na mchanga, unaokimbia chini ya bahari kwa kasi ya gari barabarani. Afrika imeuona hivi karibuni. Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya Mto Kongo, mporomoko wa namna hiyo ulikimbia zaidi ya kilomita 1,100 katika korongo la chini ya bahari lililo mbele ya mdomo wa mto huo, ukakata nyaya zinazoleta intaneti magharibi na kusini mwa bara.

Mporomoko ukiishiwa nguvu huacha tabaka lenye mpangilio: mchanga mnene chini, mwembamba juu yake, tope mwishoni. Kisha hufuata kimya cha miaka mingi, udongo mwembamba ukidondoka polepole, hadi mporomoko mwingine. Mwaka 2008 meli ya utafiti ya Ujerumani, Meteor, ilichota nguzo za mashapo kwenye mteremko ulio mbele ya pwani ya Tanzania, na wanajiolojia wakazisoma alama za maporomoko ya kale ndani yake. Mantiki ya maporomoko hayo ni nyepesi. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imeteka maji mengi ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120. Midomo ya mito ilisogea karibu na ukingo wa bara, na tope lililotoka ndani ya nchi lilimiminika mteremkoni bila kupumzika deltani.

Hayo ni mashapo ya asili ya nchi kavu. Ukizidi kwenda mashariki, mbali na mito, unaingia kwenye milki ya viumbe. Katika maji ya juu yenye mwanga huishi foraminifera, vijidudu vya chembe moja vinavyojijengea nyumba za chokaa, pamoja na mwani mdogo zaidi unaojifunika vibamba vya chokaa. Vinapokufa, magamba yao hushuka. Chembe ya udongo ikielea peke yake ingehitaji makumi ya miaka kufika chini. Lakini viumbe wadogo huila pamoja na chakula na kuitoa ikiwa imeshikamana kwenye vinyesi vizito, na hivyo hufika kwa siku au wiki chache. Hapo utaona jinsi mambo yalivyofungamana: udongo wa mfinyanzi wa Mpwapwa unaweza kumaliza kilomita zake za mwisho ndani ya kinyesi cha mdudu asiyezidi punje ya mchele.

Magamba hayo ya chokaa ndiyo yaliyofunika karibu nusu ya sakafu ya bahari zote, kwa ujiuji mweupe unaoongezeka sentimita moja hadi tatu kila miaka 1,000. Hayafiki kila mahali. Maji ya vilindini ni baridi, yana kabonidayoksaidi nyingi na shinikizo kubwa, na chini ya kina fulani chokaa huyeyuka. Katika Bahari ya Hindi mpaka huo uko kwenye takriban mita 4,500 hadi 5,000. Kiumbe kinachokufa juu ya vilindi vya namna hiyo hakiachi kaburi. Kinachobaki huko ni udongo mwekundu wa vilindini, vumbi lililopeperushwa na upepo kutoka majangwani na kutua kwa mwendo wa milimita moja au pungufu kwa miaka 1,000. Mahali pengine, hasa kuizunguka Antaktika, hutawala mwani wenye magamba ya silika. Na karibu na ikweta, katika maji yenye rutuba, viumbe wengine wa silika waitwao radiolaria.

Kuna pia kinachozaliwa hapo hapo chini. Vinundu vya manganizi, vyeusi, vikubwa kama kiazi, hukua kwa milimita chache kwa kila miaka milioni moja, madini yakijipaka kuzunguka jino la papa au kipande cha gamba. Kuna majivu ya volkano: mlipuko wa Toba huko Sumatra, miaka 74,000 hivi iliyopita, ulitandaza majivu kwenye sakafu ya Bahari ya Hindi, na chembe zake zimekutwa hata katika tope la Ziwa Nyasa. Karibu zaidi na sisi, mwaka 2019 wanasayansi walithibitisha kwamba volkano mpya kabisa ilikuwa imezaliwa chini ya bahari mashariki ya Mayotte, kwenye maji ya kina cha mita 3,500. Na kuna vitone vya chuma kutoka angani, ambavyo Mskoti John Murray alivipata kwa kupitisha sumaku kwenye tope.

Murray ndiye mwasisi wa elimu hii. Alisafiri na meli ya Uingereza Challenger kati ya 1872 na 1876, na mwaka 1891, pamoja na Mbelgiji Alphonse Renard, alichapisha kitabu kilichoyapanga mashapo ya vilindini kwa mara ya kwanza. Challenger haikupita kwetu. Ilivuka Bahari ya Hindi kusini kabisa. Lakini fedha alizoziacha Murray, aliyefariki mwaka 1914, ziligharimia msafara mwingine, wa meli ya Misri iitwayo Mabahiss, chini ya Seymour Sewell, uliozunguka bahari yetu mwaka 1933 na 1934 na kutia nanga Zanzibar mwanzoni mwa 1934. Mwaka 1972 meli ya Marekani Glomar Challenger ilitoboa sakafu mbele ya pwani ya Kenya, chini ya maji ya zaidi ya mita 4,000, ikashuka zaidi ya kilomita moja ndani ya mashapo bila kuyamaliza. Kilomita moja ya tope, kutoka zama za dinosaria hadi leo.

Mtanzania anayetaka kuyagusa mashapo ya aina hii si lazima apande meli. Aende Kilwa au Lindi. Kwenye vilima vya huko kuna udongo wa kijivu uliowekwa chini ya bahari ya kina cha mamia ya mita, kisha ardhi ikauinua. Kuanzia miaka ya 2000, Paul Pearson wa Uingereza na wenzake, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walichoronga visima katika eneo hilo na kutoa foraminifera zilizong'aa kama zilivyokuwa hai. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwenye ujiuji wa kawaida wa vilindini magamba hugeuka taratibu kwa mamilioni ya miaka, na kemia yake ikadanganya, ikawafanya wataalamu waamini kwamba bahari za tropiki zilikuwa na ubaridi hata katika zama ambazo ncha za dunia hazikuwa na barafu. Magamba ya Tanzania yalisahihisha hesabu: mwaka 2001 jarida la Nature lilichapisha kwamba bahari hizo zilikuwa na joto kweli. Mwaka 2009 jarida hilo hilo lilichapisha kazi iliyotokana na visima vya kijiji cha Stakishari, iliyopima kabonidayoksaidi ya angani wakati barafu ya Antaktika ilipoanza kujengeka, miaka milioni 34 hivi iliyopita.

Kilichoyahifadhi magamba hayo ndicho kinachonifurahisha kuliko yote. Ni udongo wa mfinyanzi. Mito ya kale ilimwaga udongo wa bara juu ya viumbe wa bahari, ukawafunika na kuyazuia maji yasipenye. Uozo wa miamba ya ndani ya nchi ndio uliotunza kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia nzima, na kumbukumbu hiyo inasomwa leo kutoka kijiji cha Lindi.

Mchanga nao una hadithi yake, na hii imeingia mpaka kwenye siasa za Dodoma. Tangu 2010 kampuni za mafuta zimegundua gesi chini ya bahari ya kina mbele ya Lindi na Mtwara, katika visima vilivyopewa majina ya viumbe wa baharini na viungo: Pweza, Chewa, Jodari, Zafarani. Zafarani ilichimbwa mwaka 2012 chini ya maji ya zaidi ya mita 2,500. Gesi hiyo imekaa ndani ya mchanga, na mchanga hauwezi kufika kwenye kina hicho kwa kuelea. Ulipelekwa na maporomoko, yale yale ya Newfoundland na Kongo, katika nyakati tofauti kwa makumi ya mamilioni ya miaka, ukitoka kwenye mito iliyokuwa ikikwangua bara. Hapa ndipo zirikoni inapotoa ushahidi. Wanajiolojia huokota punje zake mchangani na kupima umri. Zile zenye miaka bilioni 2.5 na zaidi huelekeza kidole kwenye miamba ya kale ya bara, miamba ya rika la granaiti ya uwanda wetu. Serikali inakadiria gesi yote ya nchi kuwa futi za ujazo trilioni 57.54, na zaidi ya trilioni 47 zipo kwenye kina kirefu. Tarehe 11 Juni 2022 makubaliano ya awali ya mradi wa kuisindika yalitiwa saini Ikulu ya Chamwino. Waliokaa mezani siku hiyo walikuwa wamezungukwa na jiwe la aina ile ile inayozaa mchanga wa namna hiyo.

Hata mpaka wa nchi unahusika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, katika ibara ya 76, unairuhusu nchi kudai sakafu ya bahari nje ya maili 200, na mojawapo ya vipimo ni unene wa mashapo: ufike walau asilimia moja ya umbali kutoka kwenye kitako cha mteremko wa bara. Ukiwa kilomita 100 kutoka kwenye kitako hicho, tope chini yako liwe na unene wa kilomita moja. Tanzania iliwasilisha ombi lake la eneo la ziada Januari 2012. Kwa kipimo hicho, nchi iliyomwaga udongo mwingi baharini katika mamilioni ya miaka inaweza kudai bahari pana zaidi. Sijui sheria nyingine inayoipa mito heshima kiasi hicho.

Hata hivyo sitaki msomaji wa Kondoa aelewe kwamba mmomonyoko anaouona shambani ni akiba ya wajukuu. Mchanga wa gesi ulikusanyika kwa mwendo wa miamba. Makorongo ya Irangi, huko Kondoa, yamechimbika kwa mwendo wa vizazi vichache vya watu, ng'ombe na jembe. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi la Kondoa, uamuzi mchungu kwa wafugaji, lakini majani yalirudi. Kabla tu ya mradi huo kuanza, Msweden Anders Rapp na wenzake walikuwa wakipima mabwawa manne jirani na mji, Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, wakayakuta yakijaa tope kwa kasi iliyotishia maisha yake. Kilichojaa humo ni tabaka la juu, lenye samadi na rutuba, lile ambalo mtama na uwele huota juu yake. Likishafika kilindini, rutuba ile hairudi kwenye shamba la mtu yeyote.

Siku hizi sehemu kubwa haifiki. Bwawa la Mtera hushika mzigo wa Ruaha Mkuu na Kizigo, na tarehe 22 Desemba 2022 lilianza kujazwa Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, kwenye korongo ambalo karibu maji yote ya Rufiji hulipitia. Mchanga na tope la kusini mwa Dodoma, likiponea Mtera, litatua huko. Tunahitaji umeme huo, wala sibishani nao. Lakini delta iliyo mbele yake ilijengwa na tope: mikoko imesimama juu yake, kamba wachanga hukulia ndani yake, na wakulima wa bondeni walikuwa wakingoja mafuriko yaje na udongo mpya. Temple na Sundborg walitupa tarakimu ya mwaka 1972. Inahitajika nyingine, ipimwe Mtera, ipimwe chini ya bwawa jipya, ipimwe deltani na kwenye mteremko wa bahari mbele ya Mafia. Nchi ina Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yenye makao makuu Dodoma, yenye mizizi katika idara iliyoanzishwa mwaka 1925, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha jiolojia mlimani pale. Kipimo cha kwanza kinaweza kuchukuliwa kwenye daraja la Kinyasungwe, kwa chupa, siku mto utakaposhuka.